Nusu Fainali Hatoki

Rekodi ya timu ya baba mkwe wangu katika mashindano ya Afrika sikuisoma popote. Niliijua kwa kukamua. Kila ndama jike anayezaliwa katika zizi lake, hapa Endasak, hupewa jina la hatua ambayo timu ilifikia mwaka huo, na mzee huyu hana mchezo na kumbukumbu. Wanaoitwa Makundi ni wengi, wote wapole, wanakwenda machungani na kurudi bila habari yoyote. Penati anapiga teke. Mzee anasema hakumwita hivyo kwa sababu ya tabia, alizaliwa tu wiki ile walipokosa mikwaju, lakini ndoo zangu zilizobonyea zinasema vingine. Halafu kulikuwa na Awali, wa mwaka ambao timu ilitolewa raundi ya kwanza na wageni kutoka kisiwa ambacho hata mtangazaji alikitaja kwa kubahatisha. Alikuwa mwembamba, pembe moja imeinamia jicho, na mzee alikuwa akimpita bila kumtazama. Jina la Bingwa lipo, limetunzwa. Hakuna ndama aliyewahi kulipata.

Na alikuwepo Nusu Fainali. Wa kahawia, mgongo umenyooka, kiwele cha kujaza ndoo. Mwaka aliozaliwa timu ilifika mbali kuliko mwaka mwingine wowote, na mzee alimdekeza kuliko watoto wake. Mvua ikianza alimwingiza ndani, pikipiki ya mwanawe ikabaki nje inanyeshewa.

Baba yangu mzazi ni mtu wa kijiji cha Daudi, na ni shabiki wa watani wao wa jadi. Timu yake ina makombe ya hapa nchini ya kujaza kabati, lakini Afrika huenda na kurudi kabla nguo hazijakauka kwenye kamba. Siku alipokwenda Endasak na baba yangu mdogo kuangalia ng'ombe wa mahari yangu, mambo yalianza vizuri. Salamu zilikwenda kwa heshima, pombe ya asali ikanyweka, ng'ombe wakakubalika mmoja baada ya mwingine. Akabaki wa mwisho. Mimi sikuwepo, ila baba mdogo amenisimulia mara nyingi, na kila mara anafurahi kuliko inavyostahili.

"Huyu wa kahawia ndiye nimempenda," baba alisema.

"Huyo ni Nusu Fainali," baba mkwe akamjibu. "Huyo hatoki."

"Sijauliza jina, mzee mwenzangu. Nimeangalia kiwele."

"Chagua mwingine. Hata wawili."

Baba angechagua wawili, yangekwisha. Badala yake akauliza ni nusu fainali ya mashindano gani. Alipoelezwa, hakutaka tena ng'ombe mwingine duniani. Timu yake haijawahi kufika huko, na sasa aliona njia ya kuifikisha. Baba mkwe naye akaelewa kile ambacho shabiki yeyote angeelewa, kwamba watani wamekuja kuondoka na nusu fainali yake. Wageni waliaga kabla chakula hakijaiva.

Mahari ikasimama, na ndoa yangu ikasimama nayo. Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya Gendabi. Gauni limeshashonwa, walimu wenzangu wameshachangishana, na kila Jumapili kanisani naulizwa ni lini. Nilimpigia mchumba wangu, nikitegemea kwamba yeye angalau atakuwa upande wangu.

"Nakuelewa, mpenzi," alisema. "Lakini na wewe jaribu kuelewa. Ile robo fainali tulishinda ugenini."

Nilikata simu. Wiki nzima sikupokea simu yake, na nikimwona mtu amevaa jezi barabarani, ya timu yoyote ile, nilitamani kumsukuma mtaroni. Chini ya hasira ilikuwepo hofu. Niliwajua hawa wazee. Wangeweza kuzeeka hivyo hivyo, kila mmoja na ubishi wake, na mimi nikabaki kwa baba na gauni langu kwenye mfuko wa nailoni.

Walipokutana tena, safari hii nyumbani kwetu Daudi, kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kutoka. Nilileta chai, nikampa baba mkwe shikamoo yake, sikutoka.

Huku kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa marafiki, huyu huku, yule kule, ili ugonjwa ukiingia usimmalizie mifugo. Rafiki anayemtunza ng'ombe hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Wazee wote wawili wanayajua hayo kuliko mimi, ila mpira ulikuwa umewasahaulisha.

"Baba, kwenye mahari mchukue Awali," nilisema. "Nusu Fainali aje akae hapa kama ng'ombe wa rafiki. Maziwa yenu, jina la kwao."

Baba mdogo akakohoa. Baba mkwe akaweka kikombe chini.

"Ataitwa kwa jina lake?"

"Kwa jina lake kamili," nikasema. "Kila asubuhi."

Nilimwona akitabasamu. Baba aliona maziwa tu. "Sawa," alisema. "Na huyo Awali mlete, awe wa kuongezea."

Ndivyo nilivyoolewa. Ng'ombe aliyekamilisha mahari yangu ni mwaka mbaya kuliko yote katika historia ya klabu, na mume wangu tukigombana hasahau kunikumbusha.

Baba alimpata Nusu Fainali, akapata na adhabu yake. Kila asubuhi majirani walimsikia shabiki wa watani akiita kwa sauti, "Nusu Fainali, njoo," na kilabuni walimuuliza amefikaje huko bila kupanda ndege. Ng'ombe mwenyewe maziwa yalikauka, na mimba hakushika tena. Daktari wa mifugo alikuja, dume la jirani likaja, wapi. Alinenepa tu, akasimama pale pale, kama timu yenyewe.

Awali ndiye aliyependa majani ya Daudi. Akajaa mwili, akazaa jike, akazaa jike tena. Mama yangu alipougua, uji wake ulichanganywa na maziwa ya Awali mpaka akasimama.

Msimu huu timu ya baba mkwe imetolewa mapema tena. Juzi aliomba simu yangu, akaweka sauti kubwa, akampigia baba.

"Mkwe, nimefikiria sana. Nusu Fainali ulimtaka wewe. Mchukue awe wako kabisa, na jina lake. Mimi nirudishie Awali."

Upande wa pili nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Nusu Fainali njoo umchukue hata kesho," baba alisema. "Awali hatoki."

"Si wewe uliyemwita wa kuongezea?"

"Mkwe, binti yangu alipotoka hapa, huyo ndiye aliyeingia. Asubuhi nikimwita, unafikiri namwita nani?"

Baba mkwe alinirudishia simu bila kuniangalia. Nilichukua ndoo nikaenda zizini. Penati akanipiga teke kama kawaida yake, nikamshukuru, maana mtu akiniuliza nalia nini, nina jibu.