Mbegu Nyeusi Katika Ufuta

Siku yangu ya kwanza kazini Mtwara, Bwana Maendeleo wa Wilaya alinikabidhi baiskeli, mizani ya kupimia watoto na kitabu cha lishe. "Bibi Maendeleo," akaniambia, "akina mama hawa usiwabembeleze. Wafundishe." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Songea, sijawahi kulea hata paka. Nikafundisha.

Bibi Maendeleo wa enzi zile alikuwa mwalimu wa kila kitu: choo, ushonaji, uji wa mtoto. Utapiamlo tuliupima kwa kidole gumba. Unambonyeza mtoto mguuni kwa muda, unaachia. Shimo likibaki, amevimba kwa kukosa chakula bora. Tiba ya kitabuni ilikuwa karanga, maharage, na mafuta ndani ya uji. Nilikiamini kitabu kile kuliko Biblia yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikapelekwa kijiji kipya upande wa Kitaya, watu wamehamishiwa pale juzi tu. Shamba la pamoja la ufuta lilikuwa limevamiwa na gugu la miiba lenye maua makubwa ya njano, jamii moja na mmea wa afyuni. Mimi nililifurahia, kwani mke wa Bwana Maendeleo, bosi wangu, alilipanda kando ya baraza yao Shangani, mjini Mtwara, liwe pambo. Ufuta ulipovunwa kwa haraka, mbegu za gugu lile, nyeusi na za mviringo, zikaingia humo humo. Bosi alikuwa anakuja kesho yake kutazama mashine ya kukamulia mafuta, nami nilitaka sifa.

Bi Somoe, mkunga wa kijiji, alikaa na ungo wake akizichagua moja moja.

"Bi Somoe, tutakesha hapa? Mimina tu."

"Mwanangu, hii ya maua ya njano hailiwi. Utomvu wake twapaka chunjua, basi. Mbegu yake inaendesha mtu."

"Bibi, mbegu ni mbegu, zote zina mafuta!" nikamjibu mbele ya wanawake wote. Wakacheka. Bi Somoe akaweka ungo chini.

Tukakamua zote pamoja. Bosi alikuja, akaonja mafuta, akasifu, kila nyumba ikagawiwa. Baada ya wiki chache miguu ya watu ikaanza kuvimba, hata ya watu wazima, na hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba si utapiamlo, kama ningekuwa na akili. Zuhura, mkwe wa Bi Somoe, aliniletea mwanawe Salumu, wa miaka mitatu. Nikambonyeza mguu, shimo likabaki. Bi Somoe alisema mafuta yamwagwe. Mimi nikamwambia Zuhura aongeze, vijiko viwili kila bakuli.

"Haya, Bibi Maendeleo," akaitikia, akawa anamficha mama mkwe chupa. Alinitii mpaka pumzi ya mtoto ikakatika.

Nasema wazi: nilimuua mimi.

Daktari alikuja kutoka mjini, akamwaga ufuta mezani, akatenga mbegu nyeusi. Alimweleza bosi wangu yote. Bosi akaniita ofisini.

"Unataka niandike kwamba serikali imewalisha watu sumu? Huyo bibi anao mmea huo uani kwake, sivyo? Anatibia, sivyo?"

"Anatibu chunjua, bwana."

"Anatibia. Weka sahihi hapa, kwamba ni dawa zake."

Nikaweka. Mafuta yakakusanywa kwa maelezo kwamba yameoza. Bi Somoe akapigwa marufuku kuzalisha na kutibu. Mimi nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Nanyamba.

Vijana wa kazi hii huja kuniuliza siri ya kudumu kazini hadi kustaafu bila doa. Siri ndiyo hiyo, na ninawaombea isiwe yao.

Mwaka niliostaafu, Zuhura alinitafuta hadi nyumbani kwangu Shangani, kichwa kimejaa mvi, amebeba mfuko wa korosho. Alikuja kunishukuru. Alisema tangu alipoambiwa kuwa dawa za mama mkwe ndizo zilizomuua Salumu, alihama nyumba ile, asimpe Bi Somoe hata salamu. Hata mama mkwe alipofariki, hakwenda kumzika.

"Wewe peke yako ndiye uliyehangaika na mwanangu," akasema.

Nilikuwa na mdomo, na hakukuwa tena na bosi wa kuniziba.

"Pole, Mama Salumu," nikamwambia. Kisha nikazipokea zile korosho.