Mama Asiyelipiwa Mahari

Kwanza niseme wazi: mimi nilikuwa hipi. Si kwamba nilipotoshwa na marafiki wabaya, kama binti yangu anavyopenda kuwaeleza watu wa kanisa lake. Nilikuwa hipi kwa akili zangu timamu, Nairobi, miaka ile ya sabini, nikiwa na afro iliyojaa mlango na suruali pana miguuni iliyofagia vumbi la barabara yote ya Ngara. Viatu vyangu vilikuwa na soli nene kama tofali. Bangi nilivuta, ikanipa usingizi na njaa, nikaiacha. Mengine yote sikuyaacha, na sina mpango.

Leo nimepita miaka sabini. Naishi Ingleburn, pembezoni mwa Sydney huko Australia, kwenye kijumba kilichojengwa nyuma ya nyumba ya binti yangu, pamoja na yule yule mwanamume niliyeanza naye. Alikuwa mpiga gitaa. Alikuja kwenye chumba changu cha kupanga akiwa na gitaa, stovu ya mafuta ya taa na mfuko wa nguo, akauliza kama anaweza kujisitiri mpaka mvua iishe. Mvua iliisha. Yeye bado yupo.

Hatukufunga ndoa. Kanisani hatukwenda, kwa mkuu wa wilaya hatukwenda, na mahari hakulipa hata kwato ya mbuzi. Si kwamba alikosa. Tulikuwa kundi la vijana waliokula sufuria moja, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mtu hanunuliwi, basi. Baba alipopata habari akawatuma kaka zangu waje kunichukua. Walipanda ngazi kwa kishindo, wakamkuta mtu wangu amechuchumaa anasugua masufuria na mimi niko mezani napiga taipu kazi za ofisini. Kaka mkubwa akaniambia, "Kusanya nguo zako twende." Nikamjibu, "Ng'o!" Wakasimama pale wasijue la kufanya, wakakubali chai, wakaondoka. Baba hakunisemesha tena; hata nilipompelekea mjukuu, alimsemesha mtoto tu.

Mtoto mwenyewe ndiye huyu binti. Alikuja Sydney kusomea uuguzi, akapata kazi, akapata karatasi za ukaazi, akatuleta. Sisi hatukukataa. Nimezoea hapa. Jumamosi napanda treni hadi Cabramatta kununua mihogo na majani ya kunde kwa Wavietnamu, nabishana nao bei kwa vidole, narudi nimefurahi.

Jirani yetu wa ukutani ni mama Mzungu wa rika langu, na yeye pia alikuwa hipi, huko kaskazini msituni, ambako anasema walikuwa wakipalilia maharagwe bila nguo. Ameweka picha ya siku hizo sebuleni, kwenye fremu kubwa, na wajukuu wake humwomba awasimulie. Wageni wakiiona humcheka kwa upendo. Mimi picha yangu ya afro binti yangu ameiweka ndani ya kabati la mashuka. Yaani uhipi wa jirani unaitwa ujana, wangu unaitwa kupotea. Hilo hunichemsha damu kuliko mambo mengi.

Mwaka huu binti akapata mchumba. Kijana mzuri, Mkenya mwenzetu, anafanya kazi ofisini Parramatta, ana adabu na anacheka kwa sauti. Wazazi wake wangesafiri kutoka nyumbani kuleta mahari rasmi, na watu wa jamii yetu hapa wakaunda kamati, maana Mkenya akiwa ughaibuni hawezi hata kuchemsha yai bila kamati. Ukumbi ukakodishwa Parramatta. Sare zikashonwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria chapati.

Mchana mmoja msemaji wa kamati akaja na wenzake wawili. Ni mtu mzima, ana mvi, lakini alizaliwa mimi tayari nikiwa navaa zile soli nene. Walikaa kwenye sebule ya binti, wakapewa chai, wakazunguka na habari za hali ya hewa.

"Mama," akaanza mwishowe, "kuna kajambo kadogo."

Nikiambiwa kajambo kadogo huwa najiweka sawa kitini.

Akaeleza. Kwa desturi za kwetu Mlima Kenya, mwanamume hawezi kupokea mahari ya bintiye kama hajalipa ya mama wa binti huyo. Na mama ambaye hakulipiwa hakai kwenye viti vya mbele na akina mama wenye binti. Wakwe wakifika na kugundua, itakuwa aibu. Lakini kamati, alisema, imepata njia. Ijumaa jioni, kabla ya sherehe, mzee wangu alete kidogo tu: shuka, asali, na mbuzi. Kaka yangu atapokea kule nyumbani kwa simu ya video. Na kwa kuwa hapa huwezi kuingiza mbuzi sebuleni kwa mtu, watachorwa kwenye karatasi ya manila.

"Nisikie vizuri," nikasema. "Mimi ninunuliwe Ijumaa ili mwanangu anunuliwe Jumamosi. Kwa mbuzi wa kuchorwa."

"Si kununua, Mama. Ni shukrani tu."

"Shukrani nishapewa. Anaosha masufuria tangu kabla hujazaliwa."

Mmoja wa wenzake akakohoa kuficha kicheko. Msemaji hakucheka. Akaweka kikombe chini na kusema kwa upole kwamba kama sitakubali, itabidi wamtafute mama mwingine wa kukaa mbele kwa niaba yangu, mama aliyeolewa kihalali. Kisha akaniombea, nikiwa nimekaa pale pale mbele yake, nilainishwe moyo. Ebo!

Walipoondoka, binti yangu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisimama dirishani bado akiwa na sare ya hospitali, akaniambia kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Mum, just this once." Mara hii moja tu. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba shuleni binamu zake walikuwa wakimwita mtoto wa njoo-tukae, na waliwafundisha jina hilo hata wenzake wa darasani. Kwamba alijua maana yake, wazazi waliokaa tu bila ndoa, kabla hajajua kugawanya. Kwamba alikuwa anataka siku moja, moja tu, ambayo familia yake itafanana na za watu.

Iliniuma, sifichi. Nilitamani niwapate wale binamu, ambao sasa ni mababa wazima wenye vitambi, niwakamate masikio. Lakini nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Mama, kila nilichokuwa nacho nilikupa. Hiki sikuwa nacho, na sikukitaka. Ukitaka kulipiwa, lipiwa, nitakupikia na kukupigia vigelegele. Mimi usiniuze." Akaenda kulala bila kula.

Nikafikiri vita vimeishia hapo. Wapi! Siku chache baadaye nafagia chini ya kitanda, ufagio ukagonga kitu. Shuka mpya, ya mistari, imekunjwa vizuri. Na chupa kubwa ya asali ya supamaketi, karatasi ya bei ingali imebandikwa.

Mzee wangu alikuwa nje anamwagilia sukuma wiki. Nikamwita ndani. Aliona shuka mkononi mwangu, akakaa kitandani polepole kwa ajili ya goti lake la chuma.

"Hata wewe?" nikamwuliza. "Wewe uliyeimba jukwaani kwamba mapenzi hayana risiti?"

"Wimbo ulikuwa mbaya," akasema.

"Ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa wa kweli!"

Mimi nikaendelea, na nilisema mengi, kwa sauti ambayo jirani aliisikia na kuzima redio yake apate kufaidi. Nilimwita msaliti. Nilimwuliza kama anataka na stakabadhi aitundike ukutani. Alingoja nichoke, na nilipochoka akasema, "Sifanyi kwa ajili ya kamati."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yangu." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Watu wengine wakizeeka wana cheti, wana pete, wana kitu. Mimi sina. Kila ukienda Cabramatta ukichelewa treni, huwa nasimama getini. Miaka yote hii sijawahi kuwa na uhakika na wewe."

Nikamjibu, "Ndiyo maana umenitunza vizuri," na nikatoka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Ijumaa ikafika, ikapita. Hakuna aliyepiga simu ya video. Asali tuliila asubuhi na mkate, sote wawili, bila kusemezana sana. Ilikuwa asali nzuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Akina mama walimfunika binti yangu kwa leso pamoja na wasichana wengine, wakawatembeza kwenye mstari ili bwana harusi amtambue wake bila kuona uso, na yule kijana akashika bega la shangazi yake mwenyewe, watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, ila nilikuwa nacheka nikiwa jikoni. Kamati ilikuwa imenipangia huko, kwenye masufuria ya mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi na mboga, karibu na kidirisha cha kupitishia chakula. Kupitia kile kidirisha nikaona viti viwili vya wazazi vimepambwa kitambaa cha dhahabu. Mzee wangu alikaa kimoja, koti limembana. Cha pili alikaa mama mmoja wa kanisani, mtu mwema tu, ana pete, amekunja mikono mapajani. Alikuwa amekaa kama mama wa mtoto wangu.

Nikavua aproni.

Nilipita katikati ya ukumbi, si kwa haraka, nikijifuta mikono. Watu wakadhani naleta ujumbe wa chakula. Nikafika mbele, nikamwinamia yule mama na kumwambia, "Dada, asante sana kwa kunishikia kiti." Maskini, aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Nikakaa. Mzee wangu hakugeuka, lakini nilimsikia akivuta pumzi.

Mnong'ono ukaanza nyuma ukaja mpaka mbele. Wakwe wakatazamana. Msemaji ni mjanja, nampa haki yake. Alichukua maikrofoni akatabasamu kwa meno yote. "Ndugu zetu," akasema, "ningependa kuwajulisha kwamba lile suala la mama limeshamalizwa kifamilia. Kila kitu kimelipwa." Vigelegele vikapasua paa. Mama mkwe akapiga makofi. Binti yangu, leso ingali mabegani, akanitazama kwa macho ya kuomba: liache lipite, Mum.

Na lingepita. Ningetabasamu tu. Nilikuwa nimeshakaa kitini, nilichokitaka nilikuwa nacho, na ulikuwa ni uongo mdogo ambao ungemfurahisha kila mtu, kuanzia mtoto wangu pale ukumbini hadi baba yangu kaburini, aliyefariki akiwa hanisemeshi. Nikauonja mdomoni. Ukanishinda.

"Kijana wangu," nikamwambia msemaji nikisimama, "hebu nipe hiyo maikrofoni."

Hakutaka. Nikaichukua.

"Hakuna kilicholipwa," nikasema. "Wakwe zangu karibuni sana, chakula kipo, mtoto mnayempata ni mzuri, na mahari yake ni hiari yake, siingilii. Lakini msidanganywe kuhusu mimi. Huyu mzee hajawahi kunilipia hata kuku. Hakunichukua kwetu. Alikuja kwangu na mvua, nikamsogezea godoro. Tumefukuzwa nyumba pamoja, tumelala njaa pamoja, tumezika mtoto wetu wa kwanza wenyewe bila mtu wa kutuombea, kwa sababu kanisani walisema hatuombewi. Sikukaa kwa sababu ya mbuzi. Sikukaa kwa sababu ya cheti. Nilikaa kwa sababu kila asubuhi nilitaka. Na hata leo, hapa, nikitaka kuondoka, naondoka, na hakuna mtu duniani mwenye haki ya kunidai kitu."

Nikasikia mukimo ukiungua jikoni. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Habari za yule mtoto wa kwanza hakuwahi kuzisikia kutoka kinywani mwangu.

Ndipo mzee wangu akasema. Hakuwa na maikrofoni na hakuinua sauti. Alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, kama anazungumza na sakafu. Lakini walimsikia hadi mlangoni.

"Usiondoke," akasema.

Karibu miaka hamsini, na hakuwahi kuniomba hivyo. Alikuwa ameogopa nitasema nini.

Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwangu. "Siondoki," nikamwambia, mbele ya wakwe na kamati nzima, kisha nikaketi kwenye kiti changu.