Meno ya Firauni

Nakumbuka vizuri Jumapili niliyomcheka maiti, mwanangu. Nilimcheka mbele ya watu, wakacheka nami, nikaona nimefanya kazi nzuri. Leo umekuja kuniambia unataka kuingia katika kundi letu la waosha maiti pale msikitini, mtaa wa Bathurst, na umeniuliza habari za glavu, za karafuu maiti, za maji ya mkunazi. Hayo utayajua kwa wiki mbili. Keti, chai ipo, nikupe jambo ambalo mimi nililipata kwa kufungiwa mlango.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikuwa tumehama kutoka Tanga, na mama yangu akafariki katika baridi yetu ya pili huku ughaibuni. Aliyemwosha ni Kulsum Masi, dada yake. Sisi Wahindi wa Tanga dada wa mama tunamwita masi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa waosha maiti wa kike, na baada ya msiba nilimwomba anifundishe. Akanifundisha kumgeuza mtu ubavu bila kumburura, na kupitisha mkono chini ya shuka ili mwili usionekane hata na sisi tunaouosha. Nilikuwa mwepesi wa kujifunza, na nilijijua.

Kuosha maiti ni kazi ya kujitolea. Ya kuniweka mjini ilikuwa kupanga makasha kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na hiyo niliichukia kwa moyo wote. Kwa hiyo yalipokuja mjini maonyesho ya Firauni na wakatafuta waongozaji wanaojua kusema na watu, nilikimbilia. Kazi ya mchana, nguo nzuri, mahali pa joto. Uniambie ungefanya nini.

Huyo Firauni si yule wa Nabii Musa. Huyu alipewa ufalme akiwa mtoto na akafa kijana, hata ishirini hakufika. Wamisri wenzake walimwosha, wakampaka mafuta na manukato, wakamzungushia vitambaa tabaka kwa tabaka, wakamweka katika majeneza yaliyoingiana, wakaufunga mlango na kuupiga mihuri. Alikaa humo miaka zaidi ya elfu tatu. Halafu akaja Mwingereza mmoja na vibarua wengi wa Kimisri, wakachimba misimu na misimu katika lile bonde la makaburi ya wafalme, mpaka wakakuta ngazi, na chini ya ngazi mlango. Dunia nzima ikasikia habari ya dhahabu. Kilichosikika kidogo ni kwamba marehemu alikuwa amegandana na jeneza kwa yale mafuta aliyopakwa, wakamtoa kwa visu vya moto, wakamkata kichwa na viungo, kisha wakampanga upya juu ya mchanga ili apigwe picha.

Haya yote niliyahifadhi na nikayasema vizuri sana. Katika chumba cha mwisho palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake sanamu ya ule mwili, uchi, kama ulivyokutwa baada ya kufunuliwa. Hapo watu walikuwa wakinyamaza, na mimi sipendi watu wakininyamazia. Nikatunga mzaha. Firauni alikuwa na meno ya juu yaliyotokeza. Basi nilikuwa nikiyaonyesha kwa kidole na kusema, "Mfalme mzima, dhahabu chumba kizima, akakosa wa kumnyoosha meno." Walicheka kila mara.

Jumapili hiyo wakaja kina mama wa msikitini kwetu, basi zima, na Kulsum Masi mbele yao na koti lake la kijivu. Niliwaongoza kwa Kiswahili, nikajiona malkia. Tulipofika kwenye kioo nikatoa mzaha wangu. Wakacheka, mmoja akasema kwa sauti, "Firauni huyo, mwacheni achekwe." Kulsum Masi hakucheka. Alisogea mpaka kwenye kioo, akakitazama kidogo tu, akageuza uso. Kisha akavua mtandio wake wa juu, ule mzito wa sufi, akautandaza juu ya sanduku.

Msimamizi wangu alikuja haraka, mwanamke wa Kizungu mwenye adabu zake. Aliniambia nimweleze bibi kwamba ile si maiti, ni plastiki. Nikaeleza.

"Kama ni plastiki," akasema Kulsum Masi, "haina hasara ikifunikwa."

"Masi, watu wamekata tiketi waone."

"Na yeye alikata tiketi ya kuonwa?"

Msimamizi akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Akasema niutoe ule mtandio. Nami nikautoa, mwanangu. Niliukunja vizuri, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kana kwamba heshima ya kukunja nguo ingefuta nilichokifanya. Aliupokea, akajitanda. Katika basi la kurudi, niliambiwa baadaye, alikaa akitazama dirishani mpaka Bathurst.

Alhamisi yake akafariki mama mmoja aliyekuwa akiishi Rexdale, asili yake Arusha, aliyekuwa ameugua muda mrefu. Nikapigiwa simu kama kawaida, nikaenda. Kulsum Masi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kuoshea, mikono ya gauni imekwisha kukunjwa.

"Leo huingii," akaniambia.

Nikamuuliza nimekosa nini. Nilijua, lakini niliuliza.

"Mikono yako naiamini. Mdomo wako siuamini. Mabinti wa marehemu wapo ukumbini, wameniuliza nani atakuwa ndani na mama yao. Nikuhesabu na wewe?"

"Masi, yule ni Firauni. Amekufa miaka elfu tatu, na pale ni sanamu tu."

"Mwenye meno ni yeye, si sanamu. Ulimjua yeye ndipo ukamcheka."

Akaingia, akafunga. Nilibaki koridoni na hasira zangu. Nilijiambia bibi huyu hajasoma, hajui elimu ni nini, anachanganya mambo. Nikasikia maji yanamiminwa, yale ya kwanza ya mkunazi, na mwenzake akisoma dua kwa sauti ndogo. Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikamkumbuka mama.

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa titi. Miezi ya mwisho hakuniruhusu kumvisha nguo, hakuniruhusu hata kuwa chumbani anapobadilisha. Alipokwisha kuoshwa nilimfuata Kulsum Masi kwenye ngazi nikamuuliza, "Alikuwaje?" Akanijibu, "Alikuwa safi." Nilimuuliza tena baada ya arobaini, akanijibu neno lilelile. Nikamwona mkavu. Pale koridoni ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameona kila kitu kwenye mwili wa mdogo wake wa damu, amekibeba peke yake, na hakunipa hata mimi, kwa sababu mama mwenyewe hakunipa. Nililia mpaka mabinti wa marehemu wakaja kunishika, wakidhani namlilia mama yao.

Kesho yake nilikwenda kazini mapema na shuka nyeupe kutoka kabatini kwangu. Kabla hawajafungua milango nikalifunika lile sanduku. Wageni walipokuja niliwaambia mengi kuliko nilivyowahi kusema. Niliwaambia juu ya viti vyake na nguo zake za utotoni, na juu ya mabinti zake wawili waliozaliwa wafu wakazikwa pamoja naye. Niliwaambia juu ya vibarua waliobeba kifusi kwa makapu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani mwetu. Tulipofika chumba cha mwisho nilisema, "Hapa amelala. Mwili wake ni wake." Wengine walinung'unika. Mzee mmoja alivua kofia.

Msimamizi alifika kabla ya saa sita.

"Toa hiyo shuka, Shenaz."

"Sitoi."

Akanieleza kwa upole kwamba hii ni elimu. Nikamwambia elimu nimeitoa asubuhi nzima na hakuna aliyeondoka mjinga. Akaniambia nichague, shuka au kazi. Mimi mtoto wa Tanga niliyekuwa naogopa hata kumuuliza dereva wa basi njia, nilimtazama machoni nikamwambia, "Mlimfunua bila ruhusa, mkamkata, mkamtembeza dunia nzima. Leo mmoja tu amekataa. Vumilieni." Nikavua beji nikaiweka mezani. Shuka waliitoa wao, kwa mikono yao, mimi nikiwa natazama. Nilitaka waitoe wao.

Nikarudi Malton kwenye makasha. Sikujuta siku hiyo na sijajuta leo, na aliyeniita mjinga wakati ule nilimjibu, na ukitaka nitamjibu tena. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu ya msiba. Kulsum Masi alinikuta mlangoni, akanipa glavu, akasema, "Shika upande wa miguu."

Sasa sikia, mwanangu, maana hili ndilo ninalokupa. Siku hizi kila mtu ana simu mkononi. Mgonjwa anapigwa picha akiwa na mipira puani, maiti inapigwa picha ndani ya sanda, na kabla ya mazishi imekwisha kufika Dar es Salaam na London. Watakuambia ni kumbukumbu. Watakuambia ni elimu, ni habari, ni mapenzi. Wakatalie. Wakikuita mshamba, ukubali ushamba na uwakatalie. Ukiona mtu asiyeweza kujifunika, mfunike, awe wa dini yako au awe Firauni. Na ukishaona ulichoona, ukifika mlangoni uwe huna cha kusimulia. Atakayekushika nguo akikuuliza marehemu alikuwaje, hata akiwa mtoto wake, hata akilia, mwambie alikuwa safi.

Mimi sina muda mrefu, usinitazame hivyo. Siku nitakapolala kwenye meza ile na wewe ukiwa upande wangu wa kulia, utakuta kitu mgongoni kwangu. Mume wangu alikiona, Mungu amrehemu. Wanangu wa kuzaa hawakijui, na watakuuliza, kwa sababu nimewalea wadadisi. Wewe ndiye niliyekuchagua ukione, na nimekuchagua leo, kabla hujaosha hata mmoja.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo mgumu mbele ya wenye amri. Akusitiri ukiwa hai, na ukifa akupe mtu wa kunyamaza kwa ajili yako.