Gari Lilipozimika Kati ya Ndovu

Suleiman Mwarandani wa Bongwe alikuwa mwoga, na jambo hilo hakulificha. Baba yake na ami zake wote walikuwa wavuvi. Yeye alipopandishwa ngalawani mara ya kwanza alilia mpaka wakamrudisha ufuoni, akaapa hatatia tena mguu majini. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata kupita makaburini mchana. Mwishowe mjomba wake alimchukua akampeleka Mombasa kwa fundi wa magari, na huko gereji uoga wake ukawa na faida. Mafundi wengine waliposikia injini inagonga walisema, "Itafika tu." Suleiman aliposikia mlio mmoja wa ajabu, moyo ulimruka, akafungua boneti akatafuta mpaka aone. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi.

Uhuru ulipokuja alikuwa amekwisha nunua gari lake mwenyewe, gari kuukuu la mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila milango, na sakafuni palikuwa na tobo ambamo abiria waliona barabara ikipita chini ya miguu yao. Lakini injini aliijua kama mama amjuavyo mwanawe. Alisimama Kombani, akichukua watu wa kupanda Kwale. Njia moja tu aliikataa siku zote: ile ya kutoka Kwale kupita msituni kwenda mashamba ya Shimba, walikopewa ardhi watu waliotoka bara. Humo msituni mlikuwa na ndovu.

Siku moja ya kaskazi, jua likiwa kali hata mbuzi wamejibana ukutani, lilisimama basi la Likoni akashuka mwanamume mrefu, Mkamba, amemshika mkono mkewe. Mke alikuwa amebeba kitoto kilichofungwa leso.

"Habari ya mchana, dereva," alisema yule mwanamume. "Mimi naitwa Mutunga. Tupeleke Shimba, nyumbani."

"Nzuri, ndugu yangu. Kwale nitawafikisha. Huko mbele siendi."

"Kwa nini? Gari ni mbovu?"

"Gari ni zima. Mimi ndiye ninayeogopa."

Mutunga alicheka kwa dharau. Lakini mkewe, Hannah, alisogea karibu na dirisha. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kaka," alisema taratibu, "nimepasuliwa hospitalini kumtoa mtoto huyu. Kutoka Kwale siwezi kutembea."

 Suleiman alishuka, akamfungulia mlango wa nyuma, akasema, "Bismillahi. Ingia, dada."

Walipanda mlima polepole. Rejeta ilichemka kabla ya kufika Kwale, akasimama akaiongeza maji, na dumu lake likabaki tupu. Walipoingia msituni upepo ulikoma kabisa. Barabara ilikuwa nyembamba, vumbi jekundu, miti imefunga pande zote mbili. Suleiman aliendesha huku jasho likimtiririka mgongoni. Hapo akahisi gari limepungua nguvu. Alikanyaga mafuta, halikuitika. Likakohoa, likavuta kidogo, likakohoa tena.

Wakati huohuo ndovu jike akatoka vichakani mbele yao, akavuka barabara bila haraka. Wa pili akamfuata. Suleiman alikanyaga breki, na injini ikazimika.

Ndovu waliovuka walisimama ng'ambo. Upande huu, nyuma kidogo ya gari, majani yalitikisika, wakaona masikio madogo na mkonga mfupi. Mtoto wa ndovu alikuwa amebaki, pamoja na jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Gari lilikuwa limekaa katikati ya mama, aliyekwisha vuka, na mwana.

"Washa," alinong'ona Mutunga. Dharau ilikuwa imemtoka.

 Meno yalimgongana Suleiman. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, na ndani ya hofu ile kichwa chake kikaanza kufanya kazi kilivyozoea. Kama ni umeme, injini ingekatika ghafla. Hii imekufa kwa kukohoa, imekosa petroli. Na tangi lilijazwa leo. Basi petroli ipo, ila haifiki.

"Lazima nishuke," alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe.

Aliufungua mlango kwa upole, akauacha wazi. Aliinua boneti kidogo kidogo, maana bawaba zake zililia. Ile sauti ndogo ilimfanya ndovu wa mbele ageuze kichwa na kutandaza masikio. Suleiman alibaki ameinama, boneti mkononi, mkojo ukimponyoka. Alisoma Ayatul Kursi mpaka katikati, akaisahau, akaanza upya. Ndovu alipiga vumbi kwa mguu, lakini hakuja.

Basi akatazama. Kando ya injini ilikuwapo pampu ya petroli, yenye kikombe cha kioo chini yake. Ndani ya kioo hakukuwa na petroli ila mapovu. Bomba lililoleta petroli lilipita karibu na ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto. Kwa jua lile na mlima ule, petroli ilikuwa imechemka ndani ya bomba ikawa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Dawa yake ni kuipoza.

"Maji," alinong'ona.

Mutunga alitikisa kichwa. Hannah ndiye aliyeinamia kapu lake, akatoa chupa ya maji aliyopewa hospitalini ya kunywa njiani. Akafungua leso moja ya mtoto, akailoweka, akampa Suleiman pamoja na chupa kupitia dirishani. Mtoto akaanza kulia. Hannah alimtia ziwa kinywani haraka, akafumba macho.

Suleiman aliizungushia pampu ile leso. Ikafuka. Akamwagia maji tena, akalifunika bomba nalo. Kisha akatafuta kishikizo kidogo kilicho chini ya pampu, cha kuvutia petroli kwa mkono, akapampu kwa kidole, taratibu, macho yake yakiwa kwenye kioo. Mapovu. Mapovu. Halafu petroli ikapanda, safi, ikajaza kikombe.

Alishusha boneti polepole, akarudi kitini.

"Imepona?" aliuliza Mutunga.

"Imepona."

"Basi washa twende!"

"Siwashi."

"Wewe mtu wewe! Unataka tufe hapa?"

"Nikiwasha, yule mtoto wa ndovu atashtuka," alisema Suleiman huku machozi yakimtoka. "Atakimbia, atalia, na mama yake atakuja juu yetu. Mimi najua aliyeogopa anavyofanya. Tumngoje apite."

Mutunga aliunyoosha mkono kwenye swichi. Hannah akamshika mkono huo kutoka nyuma, asiuachie.

Yule jike mwenye pembe iliyovunjika alikuja kando ya gari. Ngozi yake ilikwaruza mlango, gari likayumba, na mkonga ukapita juu ya kioo ukiacha alama ya unyevu. Mtoto alimfuata, ameushika mkia wake, akapita mbele ya taa. Wakaingia msituni pamoja na wale waliovuka. Vijiti vilivunjika, kisha vikanyamaza.

Hapo ndipo Suleiman alipowasha. Injini iliitika mara moja.

Nyumbani kwa Mutunga, Suleiman hakuweza kushuka. Mutunga alimbeba kama mgonjwa mpaka kwenye kigoda, akamletea maji ya kuoga na kaptura yake safi, wala hakumcheka. Baadaye, Hannah alipokwisha lala, Mutunga alikuja akaketi karibu yake, akanyoosha viganja. Navyo vilikuwa vinatetemeka.

Suleiman alilala huko, na asubuhi alikataa kurudi peke yake. Mutunga aliandamana naye mpaka Kwale, akarejea kwa lori la mahindi. Wiki ile Suleiman alilipinda bomba lile akaliweka mbali na ekzosi. Njia ya msituni hakuipita tena maisha yote ya gari lile. Kila mwaka, mahindi yalipovunwa, Hannah alikuja Kombani na mwanawe, na gunia moja la kumpa mke wa Suleiman.