Korongo Waliofuata Trekta

Mideva alikuwa na miaka hamsini na tatu, magoti mabovu, na mdomo ambao kanisa lake lilikuwa limeuombea mara mbili bila mafanikio. Kazi yake ilikuwa kukata matete kwenye kinamasi kilicho nyuma ya Cheptiret na kusuka mikeka. Kazi ambayo hakuna aliyempa ilikuwa kuhesabu ndege. Kila Machi, watu wakilima mashamba ya mahindi, korongo weupe walipumzika hapo wakirudi Ulaya, na kwa kila korongo kumi Mideva alitia punje moja ya mahindi kwenye mkebe.

Johnstone, tajiri wa mtaa wa Elgon View anayechomekea shati hata akienda kulala, alitaka kukifukia kinamasi hicho kwa murram, udongo mwekundu wa barabara, na kuuza ploti. Ili apate kibali, ilibaki ripoti moja tu: kama kinamasi hakina ndege, malori yanaingia Jumatatu. Basi Alhamisi saa nne asubuhi akamleta mtaalamu wake wa kukodi, kijana Byron, mwenye darubini inayong'aa na buti ambazo hazijawahi kuona tope.

Byron akatazama huku, akatazama kule. Chura mmoja akalia, lakini chura hakuwa kwenye fomu ya kuhesabia ndege.

"Sifuri," akasema, akaandika kwa penseli.

"Sifuri gani?" Mideva akatokea kwenye matete na panga lake. "Jana walikuwa mia mbili na kumi!"

"Mama, sayansi haina haja na jana," Johnstone akacheka.

Ndipo Mideva akasikia trekta. Ng'ambo ya ua wa miti, shamba la Johnstone mwenyewe lilikuwa linalimwa, na nyuma ya jembe korongo wote walitembea kwa mstari kama waumini wanaoenda kupokea meza ya Bwana, wakiokota mabuu. Kila mtu wa huku anajua trekta ikipasua udongo, korongo huacha maji na kuifuata. Johnstone pia alijua. Shamba lile hakuwa amelilima miaka sita.

"Wewe Johnstone una akili sana," Mideva akasema. "Hata Shetani anazo."

Akapenya kwenye ua, akaenda kuketi mbele ya trekta. Wanyonyi, dereva, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa la Mideva, akakanyaga breki.

"Mama Mideva, toka bana! Nitakukanyaga!"

"Nikanyage. Halafu uje uimbe besi kwa mazishi yangu. Ukikosea sauti, nitaamka nikurekebishe."

Wanyonyi akamwamini. Akazima injini.

"Byron, twende!" Johnstone akaita.

"Bado, bosi. Fomu inasema tuhesabu saa nzima. Zimebaki dakika ishirini na tano."

Jua likachoma. Mabuu yakaisha juu ya udongo, kiu ikaanza. Korongo mmoja akaruka kurudi majini, kisha watano, kisha mbingu nzima ikawa mbawa. Johnstone akakimbia akipiga makofi awafukuze. Kiatu cha kushoto kikabaki kwenye tope, na korongo wakamtazama tu.

Byron alihesabu mdomo wazi. Alipomaliza akaja mpaka kwenye ua.

"Mama, wewe umepata ngapi?"

Mideva bado alikuwa ameketi kwenye udongo. Magoti yalikuwa yamekataa kuamka. Akatikisa mkebe aliokuwa akitilia punje korongo walipokuwa wakiruka. "Punje ishirini na moja."

"Hata mimi. Mia mbili na kumi." Byron akaanza kuifuta sifuri.

"Weka chini hiyo penseli," Mideva akasema. "Andika kwa wino, nikiona."