Mipira Haikuteleza

Waliomuua mume wangu ni wawili: mdogo wake, na mwenye duka la mipira ya gari pale njia panda ya Bidbid, huku Omani. Nasema hivyo na sirudi nyuma.

Duka lilimpa shemeji mipira minne ya bure. Sharti lake, kila akitoka apige video, chapa ya duka ionekane, watu waone gari inavyopita mchangani, majabalini, majini. Vijana wengi wakimtazama kwenye simu.

Siku ile tulikuwa tunatoka Nizwa kurudi Ibra, shemeji ndiye anaendesha. Mvua imenyesha milimani, wadi, bonde lililokuwa kavu, inashuka na maji rangi ya chai ya maziwa. Magari yote yamesimama yanangoja. Mume wangu akamwambia, "Ngoja, yaa akhi. Maji haya hayachezewi."

Yeye akacheka. "Kaka, umezeeka. Wenye duka wanataka maji, leo nimeyapata."

Akaingia, mkono mmoja usukani, mmoja simu, na maji yakaibeba gari.

Yeye aliogelea, akatoka. Mimi nilinasa kwenye mti. Mume wangu walimpata huko chini, mdomo umejaa changarawe.

Nikakaa eda. Watu wakaanza kusema mipira ile mibovu, mwenye duka akamkaba shemeji. Shemeji akaja nyuma ya mlango wa chumba changu, simu mkononi inarekodi, mama yake pembeni.

"Shemeji, sauti yako tu. Sema mipira haikuteleza."

Mama mkwe akadakia: "Msaidie. Mmoja keshakwenda, unataka na huyu aharibikiwe?"

Nikasema, maana ni kweli: "Mipira haikuteleza. Dereva alikuwa akitazama simu, kaka yake anamwambia ngoja, hasikii."

Akanishukuru, tena kwa adabu. Kesho yake wanawake waliokuja kunipa pole wakanisikilizisha tangazo kwenye simu. Maneno mawili tu, mipira haikuteleza, kisha jina la duka, kisha muziki. Chini wameandika: sauti ya mjane mwenyewe. Mmoja wao, kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia, "Mashaallah, sauti imetoka safi."

Naambiwa duka limeuza mpaka limeishiwa. Juzi shemeji kapiga hodi tena.

"Shemeji, wanataka nyingine. Ya Ramadhani."

"Waambie wasubiri ufe," nikamjibu. "Mkeo naye ana sauti nzuri."