Mashine ya Eksirei Iliyokosa wa Kuipakia

Saa mbili asubuhi. Ukungu bado umekalia misonobari ya Sao Hill, na Yusta Kalinga hajavua koti. Amesimama dirishani katika chumba cha eksirei cha kituo kimoja cha afya binafsi mjini Mafinga, modemu mkononi, anatafuta pembe yenye mtandao. Kwenye benchi amekaa Filemoni, mpakiaji wa mbao, ambaye mkono wake wa kushoto ulibanwa na gogo kazini.

Picha ya mkono huo inaondoka kwenda jijini. Sekunde tisa tu.

"Wiki tatu, ndugu yangu," anasema Yusta. "Wiki tatu nimeitwa mzembe kwa sababu ya picha kama hii."

Kituo hakina daktari wa kusoma eksirei. Mashine ni ya kampuni ya jijini, na picha husomwa na madaktari wa kampuni hiyo. Hupelekwa kwa VPN, njia iliyofungwa ili siri za wagonjwa zisichunguliwe. Hapa njia hiyo inapita kwenye laini ya simu, maana nyaya za mtandao hazijafika. Kompyuta ya Yusta, mwenye miaka 31, inatumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows.

Mwezi uliopita kampuni ilibadilisha mitambo yake. Tangu siku hiyo VPN iliunganika vizuri, jina la mgonjwa likafika, umri ukafika. Picha ikakwama. Kila picha.

Akapiga simu. Kampuni ikasema ubovu uko kwenye laini. Watu wa laini wakasema anunue bando kubwa zaidi. Akanunua kwa pesa yake, picha ikakwama vilevile. Kampuni ikageuka, ikasema basi ni hiyo Linux.

"Kijana wa makao makuu akaniambia, 'Dada, huko milimani mnatumia vitu vya ajabu.' Akacheka. Mimi nina mtu hapa anakohoa damu, yeye anacheka!"

Wagonjwa ishirini na sita walipelekwa Iringa mjini, kilomita themanini hivi. Mmoja wao ni Bi Evarista, mwenye miaka sitini na mitano, aliyekalishwa kwenye basi na nyonga iliyovunjika. Nyonga iliyovunjika, kwenye basi, kwa kuwa mtu ofisini hakutaka kukagua kazi yake mwenyewe! Hivi hawa watu wana haya kweli?

Halafu ikaja barua ya kampuni. Kituo kimeshindwa kutumia huduma, mashine itachukuliwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Yusta alirudi nyumbani akilia. Baba yake, mzee Silvester, alipakia malori ya mbao kwa miaka ishirini na minane. Alimwuliza maswali mawili tu.

"Vidogo vinapita?"

"Vinapita, baba."

"Vikubwa?"

"Vinakwama."

"Sasa mwanangu, unagombana na dereva ya nini? Mzigo umezidi kimo. Sisi lori likigusa boriti ya geti, tunashusha safu moja, tunajaribu. Tunashusha nyingine, tunajaribu."

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Yusta. "Hilo nililisoma chuoni! Lakini nimeambiwa ni Linux, ni Linux, mpaka nami nikaamini."

Kesho yake akaanza kushusha. Data husafiri ikiwa imekatwa pakiti pakiti, naye akatuma pakiti za majaribio zenye ukubwa tofauti. Ya baiti 1,420 ikagoma. 1,380 ikagoma. 1,340, hola. Alipofika 1,280 majibu yakarudi. Akaandika namba hiyo kwenye mipangilio ya VPN, na picha ikaenda.

Mitambo mipya ilikuwa imepangwa kwa pakiti za kimo cha nyaya za jijini. Kwenye laini ya simu zilimeguka njiani, na vile vipande vikatupwa na ukuta wa usalama wa kampuni yenyewe. Kosa lilikuwa lao tangu mwanzo.

Yusta aliwaandikia ripoti ya kurasa sita. Hakujibiwa. Siku ya nne vituo vyote vikapokea "maelekezo ya wataalamu wetu": wekeni 1,280. Jina lake halimo, wala neno samahani halimo. Na barua ya kuchukua mashine haijafutwa. Mwandishi wa habari hii alipopiga simu, ofisa mmoja alijibu kwamba mchakato umeshaanza. Mchakato!

Yusta amechapisha orodha ya picha 41 zilizokwenda tangu arekebishe. Anataka barua ifutwe kwa maandishi, na Bi Evarista aombwe radhi. Mzee Silvester ana mpango wake.

"Lori watakuja nalo," anasema. "Lakini chuma kile kinahitaji wanaume wanane. Nimeshapita mageti yote wanakopakia mbao. Wapakiaji wa hapa wote nawajua, na kifua cha nani hakijapigwa picha na mashine ile?"

Jibu la daktari linaingia: mfupa umepasuka, afungwe plasta. Filemoni anainuka kwenye benchi.

"Mimi nimebaki na mkono mmoja," anasema, "na huo siwapi."

Yusta anaita anayefuata, kisha anageuka.

"Waje hiyo Jumatatu. Watapanga foleni kama wengine, kuna wagonjwa."